Vioo Kumi na Viwili kwenye Kopo la Vifungo

Jumatatu, 4 Mei

Nimeanza kazi leo. Miaka ishirini na sita niliandika habari za watu. Gazeti limefungwa, sasa naandika habari za ndege. Cheo: karani wa zamu. Vifaa: daftari moja kubwa, kalamu mbili za bluu, na kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya.

Shamba ni la mpunga. Majaruba yanaanza nyuma ya ghala na kuishia kwenye mfereji mkuu. Masuke yameanza kuinama, kwa hiyo ndege wameshapata taarifa. Walinzi wa kuwafukuza ni kumi na wawili, kila mmoja na dungu lake, yaani jukwaa la miti lenye ngazi na turubai juu. Misimu iliyopita walipiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo. Safari hii Msimamizi wa shamba amewanunulia tochi za leza, za kijani, kumi na mbili. Mlinzi anapitisha mwanga juu ya mpunga kabla jua halijakolea, ndege wanaona kama fimbo inawajia, wanaruka.

Kazi yangu ni kuandika aliyefika, makundi ya ndege yaliyotua, na lolote lililotokea. Kila alfajiri saa kumi na moja na nusu, kabla watu hawajapanda madungu, nasoma kwa sauti yaliyoandikwa jana. Mwenye pingamizi anasema palepale. Asiposema, yamepita. Mhariri wangu wa zamani angeupenda utaratibu huu.

Naishi kwa mdogo wangu, fundi wa shamba. Pampu, redio, simu, chochote chenye waya ni mgonjwa wake. Mkewe, wifi yangu, ndiye mlinzi wa dungu namba saba; msimu ukiisha hurudi kwenye cherehani. Wamenipa chumba cha cherehani. Nalala katikati ya sare za shule zisizo na vifungo.

Jumanne, 5 Mei

Makundi 38. Rasharasha asubuhi. Mgongo unauma.

Alhamisi, 7 Mei

Dungu namba nane, ng'ambo ya jaruba la wifi, ni la Mama Redio. Jina lake kamili limo daftarini lakini hakuna anayelitumia. Huanza kuongea akiweka mguu kwenye ngazi na kumaliza akishuka, na asiyetaka kusikia anasikia tu. Ni shoga wa wifi tangu wakiwa wasichana.

Walinzi wametundika diski za muziki za zamani kwenye kamba, pembeni ya madungu. Zikizunguka zinametameta, na ndege huziogopa kwa siku mbili tatu kabla ya kuzizoea. Mama Redio amezipatia kazi ya pili. Alfajiri akishapanda, anamulika diski za wifi kwa leza, na vimulimuli vya kijani vinacheza juu ya turubai. Hiyo ndiyo hodi. Wifi naye anamulika za Mama Redio, ndiyo karibu. Walinzi wengine wameiga. Ukisimama ghalani unaona mstari mzima wa madungu ukibishiana hodi bila neno.

"Asiyejibu hodi amelala," Mama Redio aliniambia. "Andika hiyo, karani."

"Siyo habari."

"Habari ni nini basi? Mpaka mtu afe?"

"Si lazima afe."

Ijumaa, 8 Mei

Makundi 40. Mawingu.

Jumatatu, 11 Mei

Siku ya nne ya mawingu. Mwanga wa leza hufaa kukiwa na giza giza. Jua likitoka huuoni tena, watu wanarudi kwenye madebe. Kukiwa na mawingu leza inafanya kazi kutwa. Tochi hizi zimetengenezwa kwa masharti: ukiachia kitufe inazima, na ikipata joto inazima yenyewe hata ukibonyeza. Kwa hiyo walinzi wanashinda wamebonyeza, halafu inawazimikia kundi linapotua.

Baada ya kusoma daftari leo malalamiko yalikuwa ya vidole gumba.

"Changu kimekufa ganzi," alisema Mama Redio. "Jana nimekoroga chai kwa mkono wa kushoto, nikammwagia mume wangu magotini."

"Akasemaje?" wifi aliuliza.

"Angesema saa ngapi, na mimi naongea?"

Walicheka wote isipokuwa Msimamizi. Yeye si mtu mbaya. Ni mtu asiyelala vizuri. Alimgeukia mdogo wangu mbele ya watu: "Fundi, huwezi kuzifanya ziwake bila kubonyezwa? Na ziwe na nguvu zaidi? Mpunga wangu unamalizwa na kiumbe mwenye uzito wa barua."

"Kuwezekana kunawezekana," alisema mdogo wangu.

Namjua kwa sauti hiyo. Akiwa na miaka tisa aliambiwa saa ya baba haitengenezeki.

Jumatano, 13 Mei

Mvua tangu saa saba mchana. Mdogo wangu amekaa kwenye meza ya chakula tangu alasiri, amezipanga tochi kumi na mbili juu ya taulo kama samaki sokoni. Wifi alikuwa anakata kitambaa upande wa pili. Mimi nilikuwa nakunywa chai na kumtazama, kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama.

Kazi ya kitufe, tochi iwake bila kidole, aliimaliza mapema. Halafu akafungua moja zaidi, akainama na kibano na kutoa kitu mbele ya taa, kipande cha kioo kidogo kuliko punje ya mchele. Akaiwasha kuelekea kwenye kipimo cha mwanga alichopewa na Msimamizi. Tarakimu ilikuwa nne. Sasa ikasoma kumi na moja.

"Umeona!" aliniambia.

"Hicho ulichotoa ni nini?"

"Kizuizi. Wanakiweka ili isiwe na nguvu sana. Dada, kiwanda kinaogopa kesi. Kioo hiki si cha taa, ni cha mawakili."

"Na ile karatasi ya onyo ubavuni?"

"Imebaki palepale. Sijaigusa."

Hakuona kwamba amenijibu jibu la kuchekesha. Nami nilikuwa na swali la pili, nalikumbuka hata sasa ninapoandika: *umejuaje kwamba ndiyo kazi yake?* Kwa miaka ishirini na sita sijawahi kuachia swali la pili. Leo nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa inapiga bati, na ni mdogo wangu. Nikanywa chai.

Alitoa vioo vyote kumi na viwili. Hakuwa na pa kuviweka, akavidondosha kwenye kopo la vifungo la wifi.

Daftarini nimeandika: *Tochi 12 zimerekebishwa na fundi.* Nimelisoma tena neno hilo kabla ya kufunika daftari. Halikuwa langu, lilikuwa lake, nami sikuliwekea alama za kunukuu.

Alhamisi, 14 Mei

Tochi zimegawiwa. Msimamizi alionyesha watu kipimo: nne, halafu kumi na moja. Walipiga makofi. Mama Redio aliibusu ya kwake. Mdogo wangu alitazama chini na kujifuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na haja ya kujifuta nacho. Nilifurahi kwa ajili yake. Naandika hilo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 15 Mei

Makundi 41. Jana 40.

Jumatatu, 18 Mei

Makundi 42. Mawingu bado.

Nimelinganisha wiki mbili. Kabla ya marekebisho wastani ni makundi thelathini na tisa kwa siku. Baada ya marekebisho, arobaini na moja. Nilimwonyesha Msimamizi.

"Ndege wameongezeka," alisema.

"Au mwanga haujaongezeka."

"Kipimo umekiona mwenyewe."

Nimekiona. Nimewauliza walinzi watatu, kila mmoja peke yake: mwanga umekuwa mkali zaidi? Wawili walisema ndiyo. Wa tatu, wifi, alifikiri kwanza. "Kusema kweli, wifi, naona uleule. Ila kidole kimepumzika."

Jumatano, 20 Mei

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano asubuhi wifi ameumia jicho la kulia.

Yaliyotokea, kwa mpangilio. Nilisoma daftari. Walinzi walipanda. Hapakuwa na upepo, diski zilikuwa zimetulia kabisa kwenye kamba zake. Mama Redio alimulika diski za dungu namba saba kubisha hodi kama kila siku. Wifi alikuwa amegeukia upande huo, uso wake karibu na diski, anafungua fundo la turubai. Anasema aliona kijani kidogo, si kikali, wala hakikumfanya afumbe jicho. Kwa hiyo hakufumba. Mama Redio naye aliiacha tochi imewaka huku anaongea na dungu namba tisa, kwa sababu sasa haihitaji kidole. Muda gani? Anasema kama sekunde tano. Namba tisa anasema zaidi.

Wifi alisikia kama kitu kidogo kinatoboka ndani ya jicho, bila maumivu. Alidhani ni mdudu. Alifukuza ndege kwa saa moja zaidi. Aliposhuka alinitazama, akafumba jicho la kushoto, akafumbua, akafumba tena.

"Wifi," alisema, "sogea. Mbona huna uso?"

Nilidhani ni utani. Ni mtu wa utani.

"Naona masikio yako," alisema. "Naona kilemba. Katikati hamna mtu."

Msimamizi alikuja na maji ya kuosha jicho. Alisema ni vumbi la mpunga, kila msimu linawapata watu. Aliniambia niandike vumbi. Niliandika: *Mlinzi wa dungu namba saba ameumia jicho la kulia. Inasemekana ni vumbi.* Hiyo "inasemekana" ndiyo ujasiri wote niliokuwa nao leo. Hapajawa na vumbi shambani tangu mawingu yaje.

Alhamisi, 21 Mei

Nilisoma maandishi ya jana kwa sauti. Hakuna aliyepinga.

Zahanati wamempa dawa ya matone na kumwandikia aende kwa daktari wa macho mjini, Jumatatu.

Mama Redio alipanda dungu lake bila kusema kitu. Nilidhani ataanza akifika juu. Hakuanza.

Ijumaa, 22 Mei

Makundi 40. Dungu namba saba tupu. Namba nane kimya.

Jumamosi, 23 Mei

Mama Redio alikuja nyumbani kumjulia hali mwenzake. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, mkono wa kulia ameukalia kama mtoto aliyeiba sukari. Wifi alijitahidi kumchekesha.

"Umezima leo? Betri?"

"Ni mkono wangu huu," alisema. "Nimekuharibu jicho kwa mchezo. Na mimi ndiye niliyeanzisha mchezo wenyewe."

"Wamesema vumbi."

"Vumbi gani, shoga? Mimi nilikuwepo."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, ameshika birika. Alimiminia watu chai. Akajaza kikombe cha Mama Redio mpaka kikafurika kwenye sahani, kisha akaenda nje kutazama kitu ambacho hakikuwepo. Mama Redio alipoaga, akamwambia, "Pole sana, fundi, nimekuumizia mke." Akajibu, "Ajali haina kinga."

Nilikuwepo. Nilisikia. Nimewahoji mawaziri na wezi wa mifugo, naijua sauti ya mtu anayejificha nyuma ya methali.

Jumatatu, 25 Mei

Basi la saa moja. Foleni ya macho saa tatu na nusu. Wifi alihesabu vigae vya ukutani kwa jicho bovu: vya pembeni vyote, vya katikati hakuna.

Daktari wa macho ni mama wa makamo, mfupi wa maneno, mikono ya baridi. Alitazama ndani ya jicho kwa muda mrefu. Akauliza kazi. Wifi akasema: nafukuza ndege kwa leza. Daktari akaweka kifaa chake chini.

"Leza imeguswa na fundi?"

Wifi aligeukia vigae. Mimi nikasema ndiyo.

"Alitoa kioo mbele?"

Nikasema ndiyo tena. Hapo hapo nikajua tarehe, saa, na nilichokuwa nakunywa.

Alitueleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Leza hizi za kijani huzaa na mwanga wa pili ambao jicho la binadamu halioni. Kiwanda huweka kioo cha kuuzuia, kijani kipite, ule mwingine ubaki ndani. Ukitoa kioo, kipimo kinapanda, kwa sababu kipimo kinauona. Jicho haliuoni. Ndege naye inaelekea hauoni, la sivyo mngeona tofauti.

"Jicho likipigwa na mwanga linaouona, linafumba," alisema. "Lisilouona, linafumbia nini?"

Katikati ya jicho kuna kovu dogo. Pembeni ataendelea kuona. Katikati, uvimbe ukiisha, huenda pakarudi kidogo. Alisema "huenda" mara mbili, nami nikaandika zote mbili.

"Sindano?" wifi aliuliza. "Mimi ni fundi cherehani."

"Kwa jicho la kushoto," alisema daktari. "Utajifunza." Kisha akanitazama mimi. "Zipo nyingine?"

"Kumi na moja ziko kazini sasa hivi."

Alingoja niinuke.

Tulirudi saa tisa. Wifi alikwenda kulala. Nilimkuta mdogo wangu kwenye pampu namba mbili, magoti kwenye tope.

"Ulitoa nini kwenye zile tochi?"

"Dada, si nilikwambia? Nilirekebisha."

"Ulitoa nini?"

"Kioo. Kizuizi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Kilikuwa kinazuia nini?"

Alikaza nati ambayo ilikuwa imekaza. Nilimweleza maneno ya daktari, bila kuongeza, bila kupunguza. Nilimwonyesha makundi ya ndege, kabla na baada. Alizitazama tarakimu zaidi kuliko alivyonitazama mimi. Tarakimu anaziamini.

"Kumbe ndiyo maana," alisema polepole. "Zile saba zilizoongezeka hazikuwa za kijani."

"Hapana."

"Ningejua..."

"Ulijua kuna kioo. Hukujua kazi yake. Ukakitoa. Na mimi nilikuwa na swali la kukuuliza, sikuuliza. Hayo yote mawili nitayaandika."

Akaacha spana. "Nitafukuzwa."

"Inawezekana."

"Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, dada."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Gazetini ningeandika halafu nikakutafuta utoe maoni."

"Nipe wiki. Nitazikusanya moja moja, niseme nazisafisha. Naweza kuvirudisha vioo. Hakuna atakayejua."

"Na Mama Redio?"

"Sijamwambia kwamba ni yeye."

"Hujamwambia kwamba si yeye. Siku ya tano leo hajaongea dunguni."

Alitazama maji ya mfereji. Nilimwona alivyokuwa na miaka tisa, saa ya baba imefunguliwa mapajani, skrubu zimepotea. Hata siku ile hakusema. Baba alimchapa mtu mwingine. Mtu huyo ni mimi. Sikuwahi kulifikiria kama tabia. Nilidhani ni utoto.

"Kesho alfajiri nasoma," nilimwambia. "Ukitaka kusema mwenyewe, una mpaka hapo."

Nikapita ofisini. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mavuno yamebaki wiki mbili, tuzungumze mavuno yakiisha. Nikamuuliza atampa nani tochi ya dungu namba saba. Hakujibu. Nikamwambia nitaandika kwamba hakujibu.

Jioni wifi aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani na kopo la vifungo, amevimwaga juu ya khanga, amefumba jicho la kulia. Pembeni ametenga vioo vidogo, kumi na viwili.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Ijumaa. Nilikuwa natafuta vifungo vyeupe, nijizoeze. Nilidhani ni shanga. Halafu nikakumbuka meza, mvua, na kile kibano."

"Hukusema."

"Nilimsubiri yeye. Miaka kumi na tisa, wifi. Nilisema leo atasema. Kila asubuhi ananiletea maji ya kunawa, anasimama hapo, nafumba la kushoto, namwona bega na bega. Uso siuoni." Akaanza kurudisha vifungo koponi, kimoja kimoja. "Kumbe yeye kutoonekana kunamfaa."

Jumanne, 26 Mei

Walinzi kumi na mmoja walikuwa wamejipanga mbele ya ghala, tochi mikononi. Mama Redio mwishoni. Msimamizi mlangoni. Mdogo wangu hakuwepo.

Nilisoma. Nanakili hapa nilichosoma, kwa kumbukumbu:

*Tarehe 13 fundi wa shamba alitoa vioo vya kinga kwenye tochi 12 bila kujua kazi yake. Karani aliona, aliuliza swali moja, hakuuliza la pili, akaandika "zimerekebishwa". Tarehe 20 mlinzi wa dungu namba saba alipigwa na mwanga usioonekana uliotoka kwenye mojawapo ya tochi hizo na kurudishwa na diski. Daktari wa macho amethibitisha. Halikuwa vumbi. Tochi zilizobaki zina hatari hiyo hiyo sasa hivi. Msimamizi amearifiwa jana saa kumi jioni, akaulizwa nani atapewa tochi ya namba saba, hakujibu.*

"Mwenye pingamizi?" niliuliza.

Mtu mmoja aliishikilia tochi yake mbali na mwili, kama nyoka aliyeshikwa shingo. Msimamizi alifungua mdomo. Ndipo mdogo wangu akatokea nyuma ya ghala, kopo la vifungo mkononi. Sijui alisimama hapo tangu lini. Wifi alikuwa nyuma yake, ameshika kiwiko chake, kwa sababu ngazi za ghala hazioni sawasawa.

"Sina pingamizi," alisema. "Karani amesahau kitu kimoja. Mama Redio alinipa pole nikaipokea." Akamgeukia. "Haikuwa yangu. Nisamehe."

Mama Redio alitazama mkono wake wa kulia, juu na chini.

"Kwa hiyo haukuwa mkono wangu?"

Watu walinitazama mimi. Karani ndiye mwenye daftari.

"Mkono ulikuwa wako," nikasema. "Mwanga haukuwa ule uliodhani umekabidhiwa."

Aliifikiria hiyo. Ilikuwa ya kweli, na nadhani ndiyo sababu ilimtosha. Alikwenda akaweka tochi yake juu ya meza yangu. Wengine kumi wakafuata.

"Haya," alisema Msimamizi, "na ndege?"

"Ndege watapigiwa kelele," alisema Mama Redio. "Mimi ninazo za siku tano."

Alianzia ngazini. Tulimsikia mpaka mfereji mkuu.

Jumatano, 27 Mei

Mdogo wangu alisema vioo vimekwaruzwa na vifungo, hawezi kuapa kwamba vitafanya kazi. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema hawezi. Tochi kumi na mbili zimevunjwa kwa nyundo mbele ya ghala, yeye mwenyewe akipiga. Saa nne akapewa barua ya kuachishwa kazi. Saa tano alirudi kumwonyesha Msimamizi jinsi ya kuwasha pampu namba mbili.

Alhamisi, 28 Mei

Makundi 39. Madebe. Jua.

Ijumaa, 29 Mei

Mdogo wangu ameomba dungu namba saba mpaka msimu uishe, badala ya mkewe. Msimamizi amekubali, hana mtu mwingine. Hajui kupiga debe. Anapiga kama anayetafuta hitilafu.

Mama Redio anabisha hodi kwa debe sasa, mapigo matatu, kwa namba tisa na namba sita. Kwa namba saba hakubisha.

Jumatatu, 1 Juni

Makundi 37. Hakubisha.

Alhamisi, 4 Juni

Hakubisha. Mdogo wangu amepoteza sauti. Wifi ametunga uzi kwenye sindano kwa dakika kumi na moja. Nilishika saa kwa ombi lake.

Jumatatu, 8 Juni

Wavunaji wameingia majaruba ya juu. Uzi: dakika sita. Hakubisha.

Ijumaa, 12 Juni

Mama Redio amebisha namba saba, mapigo matatu, saa kumi na mbili kasoro. Kisha mapigo matatu kutoka namba saba, hovyo.

"Hata karibu hujui kupiga!" Mama Redio alimpigia kelele. "Amka, shemeji, wamekutulia mgongoni!"

Nyumbani hajasema lolote kuhusu jambo hilo. Alikula, akaosha sahani yake, akamsomea mkewe karatasi ya daktari aliyokwisha kumsomea. Wifi anamwita kwa sauti ya kawaida sasa. Sijaona zaidi ya hapo, na chumba changu kiko mbali na chao kwa ukuta mmoja tu.

Jumanne, 16 Juni

Mavuno yameisha. Walinzi walikusanyika mara ya mwisho, na wifi akaja. Utaratibu unataka karani aandike vifaa na watu walioanza msimu na waliomaliza, asome, daftari lifungwe.

Nilisoma: *Madungu kumi na mawili, yamesimama. Tochi kumi na mbili, zimevunjwa. Walinzi kumi na wawili. Macho ishirini na manne yalianza msimu. Yanarudi nyumbani ishirini na matatu.*

Niliuliza kama kuna mwenye pingamizi, kwa kuwa lazima niulize.

"Mimi," alisema wifi. Alikuwa amefumba jicho la kushoto na kugeuza kichwa pembeni, anavyofanya sasa akitaka kuniona kwa la kulia. "Andika na nusu. Pembeni naona."

Nikafuta, nikaandika *ishirini na matatu na nusu*, nikasoma tena. Hapakuwa na pingamizi jingine.